Aliyeshika kiti cha mwenzake aitweje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa utumishi wa zahanati moja ya binafsi hapa Dodoma, Area C. Katibu muhtasi wetu anakwenda likizo ya uzazi mwezi ujao, nasi tunatafuta mtu wa kukaa mezani pake mpaka arudi. Tangazo niliandika mimi, nikamwita "mbadala". Mhasibu akalifuta akaweka "kaimu katibu muhtasi". Mkurugenzi anasema tusihangaike, huyo ni kibarua tu. Walinzi wa getini waliposikia wakasema, "Si mseme deiwaka!" Naomba kujua, maneno haya yanatofautiana kweli au ni mazoea ya kila mtu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Yanatofautiana, na nimefurahi umeuliza kabla tangazo halijabandikwa. Nimekaa na swali lako siku mbili, na kila nilipoyapima maneno hayo nilirudi kwenye kitu kimoja: kiti. Neno mwenyekiti tunalitamka kila siku bila kulisikiliza, kumbe ni mwenye kiti. Sasa mtu akiondoka, kiti kinabaki. Je, kina mwenyewe? Mwenyewe atarudi? Aliyekikalia akiharibu, ataulizwa nani? Kila neno uliloniletea linajibu maswali hayo kwa namna yake, na mojawapo linasema kiti chenyewe hakipo.

Nianze na la mhasibu, maana ndilo lililotoka mbali. Kaimu ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi wa kusimama. Waarabu walilitumia pamoja na jingine, qaim maqam, yaani asimamaye mahali pa mtu. Dola ya Waturuki wa Usmania ikalifanya cheo, na hadi leo mkuu wa wilaya nchini Uturuki anaitwa kaymakam. Kiswahili kinayo maneno yote mawili, ila kila moja linaishi kwake: yule asimamaye ni kaimu, na mahali pake ndipo tulipopata makamu. Watu wengine nao waliifikia picha hiyohiyo kwa njia zao. Wafaransa waliunganisha neno la mahali na neno la kushika wakapata cheo cha jeshi ambacho sisi, kwa kupitia Kiingereza, tunakiita luteni. Na madaktari wanaozunguka hospitali za binafsi kushika zamu za wenzao huiita kazi hiyo lokamu, kutoka maneno ya Kilatini yenye maana ileile ya kushika mahali. Uko zahanati, bila shaka umelisikia.

Ingawa kaimu na makamu walitoka nyumba moja, leo usiwachanganye. Makamu ana kiti chake mwenyewe, pembeni ya kiti kikubwa, na anakikalia hata mkubwa akiwapo. Naibu ni vivyo hivyo. Kaimu hana kiti chake. Amekalia cha mwingine, au kilichobaki wazi. Mwezi Machi 2021 nchi nzima ililiona hili. Rais John Magufuli alipofariki tarehe 17, Samia Suluhu Hassan hakuwa Kaimu Rais hata siku moja. Ibara ya 37 ya Katiba inasema kiti cha Rais kikiwa wazi kwa sababu ya kifo, Makamu wa Rais ataapishwa na atakuwa Rais kwa muda uliobaki. Aliapishwa tarehe 19 na kiti kikawa chake. Linganisha na mwaka 2017. Profesa Ibrahim Juma aliteuliwa mwezi Januari kuwa Kaimu Jaji Mkuu, akaongoza Mahakama kwa miezi kadhaa, na ni mwezi Septemba tu alipoapishwa kuwa Jaji Mkuu. Jengo ni lilelile na mafaili ni yaleyale, lakini mjadala wa wanasheria katika miezi hiyo ulikuwa juu ya neno hilo moja lililotangulia cheo.

Katika utumishi wa umma kukaimu ni jambo lenye karatasi. Kuna barua ya kukaimishwa, kuna posho ya kukaimu, na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaweka ukomo wa miezi 6. Nayajua haya kwa sababu yaliwahi kuniumiza. Nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya mkoa huu, mkuu wetu alihamishwa ghafla, nami nikaambiwa kwa mdomo, "Mwalimu, shika ofisi." Nikaishika miezi 9. Niligombana na wazabuni wa mahindi, nikapokea wakaguzi, nikazika mwanafunzi mmoja aliyeugua usiku gari likiwa halipo. Mkuu mpya alipofika nikaandika kuomba posho yangu. Majibu yakaja kwamba sikuwahi kuwa kaimu, na ushahidi wakautoa kwenye barua zangu mwenyewe: kila mahali nilisaini juu ya maneno "Kny: Mkuu wa Shule".

Herufi hizo tatu, kny, ni ufupisho wa "kwa niaba ya". Anayesaini hivyo anaazima jina la mwenye ofisi. Wajibu unabaki kwa mwenye jina. Kaimu husaini kwa jina lake juu ya cheo kilichoandikwa "Kaimu Mkuu wa Shule", na jambo likiharibika anaulizwa yeye. Mimi nilikuwa naulizwa kama kaimu na kulipwa kama kny. Tangu siku hiyo sijaweza kuliona neno la kazi kama pambo.

Na kwa kuwa mhasibu wako amelipenda neno kaimu, mkumbushe pia lisigongane na kasimu. Kila mwaka nasahihisha ripoti zinazosema "mkurugenzi amekaimu madaraka kwa wakuu wa idara". Hapana, amekasimu. Kukasimu kumetoka kwenye mzizi wa kugawa, uleule uliotupa kasma, yaani fungu la fedha, neno ambalo kila mtu wa bajeti hapa Dodoma analo mdomoni Bunge likikaa. Anayekasimu hajaondoka. Yupo kitini, amekata kipande cha mamlaka yake akampa mwingine. Anayekaimu amekalia kiti kizima.

Turudi mezani kwenu. Katibu muhtasi anafanya kazi kubwa, na zahanati isiyo naye hujulikana kwa foleni na simu zisizopokelewa. Lakini akiondoka, kinachobaki bila mtu ni kazi. Hakuna mamlaka ya kuamua ambayo lazima mtu ayashike kwa jina. Kaimu tunamtumia pale penye mamlaka: kaimu mkurugenzi, kaimu mganga mfawidhi, kaimu mhasibu mkuu. Tena kwa kawaida kaimu hutoka ndani, ni mtumishi aliyekuwapo tayari anayepandishwa kwa muda. Mkimleta mtu kutoka nje, akakaa wiki 12 akiandika barua na kupokea wageni, kumwita kaimu ni kumvika koti linaloburuta chini. Kama mngekuwa na kitengo cha masjala chenye makarani 4 na mkuu wao ndiye anayejifungua, hapo mhasibu angekuwa sahihi kabisa.

Kibarua je? Hapa nina neno na mkurugenzi wako, na naomba alipokee kwa heshima. Kibarua ni barua ndogo. Pwani na Unguja katika karne ya 19, mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kijikaratasi, na jioni akakionyesha apate ujira wake. Jina la karatasi likamhamia mtu. Baadaye mashamba ya mkonge yakaleta kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kila siku uliyofanya ikiwekewa alama. Kwa hiyo kibarua tangu asili anahesabiwa kwa siku. Kiti hana, ana siku. Jioni ikifika, hesabu imefungwa, na kesho ni mapatano mapya.

Sarufi yetu imeitunza historia hiyo vizuri sana. Tukisema "kibarua amekuja, vibarua wamekuja", ni watu. Tukisema "kibarua kimekwisha", ni kazi yenyewe. Ndiyo maana aliyefukuzwa kazi, hata kama alikuwa meneja mwenye gari la ofisi, tunasema kibarua chake kimeota nyasi, na watangazaji wa mpira wanasema timu ina kibarua kizito ugenini. Neno moja limebeba mtu na kazi, na kiambishi ndicho kinachotuambia lipi ni lipi.

Ukitaka kuona kibarua halisi, nenda Hombolo msimu wa kuvuna zabibu, au Mtumba kwenye majengo ya serikali ambako saidia fundi wanapandisha zege tangu alfajiri. Nenda soko la mahindi la Kibaigwa, ingawa huko mbeba magunia ana jina lake, kuli, na hulipwa kwa gunia. Hawa wote wanafanya kazi ya heshima, nami hukereka neno "tu" linapobandikwa nyuma ya kibarua. Ila hakuna kati yao anayeshika nafasi ya mtu. Saidia fundi wa leo hakai mahali pa saidia fundi wa jana. Jana ilikwisha na mwenyewe.

Sheria nayo inaona tofauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inapotaja notisi ya kuachishwa baada ya mwezi wa kwanza, anayelipwa kwa siku au kwa wiki anapewa siku 4, anayelipwa kwa mwezi anapewa siku 28. Mkurugenzi akimwita huyo mtakayemwajiri kibarua huku anamlipa kila mwisho wa mwezi, ajue neno lake na malipo yake yanapingana, na likitokea la kutokea malipo ndiyo yatakayosikilizwa.

Walinzi wenu walicheka, lakini hawakusema neno la ovyo. Deiwaka ana ufundi wake. Kwenye daladala na bodaboda, dereva mwenye chombo mkononi, yaani aliyekabidhiwa na tajiri mwenye mali, akichoka au akipata msiba, humwachia mwenzake wa kijiweni kwa nusu siku au siku nzima. Huyo ndiye deiwaka. Hesabu ya tajiri, yaani fedha yake ya kila siku, iko palepale, inayobaki wanagawana. Nairobi watu wa matatu humwita skwodi. Jambo la kutazama ni nani aliyempatia kazi: ni mfanyakazi mwenzake, tajiri mara nyingi hana habari. Ndiyo sababu ajali ikitokea, jibu la kwanza la tajiri ni "huyo mimi simjui". Deiwaka amekalia kiti cha mtu aliyekikalia kiti cha mtu.

Nikiwa hapohapo kijiweni, ona jinsi neno mkataba linavyogeuka. Ofisini, mtumishi wa mkataba ni yule mwenye tarehe ya mwisho. Mkataba ukiisha anaondoka, ilhali yule wa ajira ya kudumu anabaki. Kwa bodaboda wa Nkuhungu au Majengo, pikipiki ya mkataba ni ile unayomlipa mwenyewe kidogo kidogo kwa miezi mingi, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yako. Mmoja mkataba unamtoa kitini, mwingine unamkalisha. Kwa hiyo ukimwambia kijana wa huku mtaani "utakuwa wa mkataba", mweleze vizuri ni mkataba gani.

Sasa nije kwenye neno lako, mbadala. Sikulaumu, linatumika sana, lakini ndilo ninaloliogopa kuliko yote katika tangazo hili. Sikiliza tunalitumia wapi: nishati mbadala, tiba mbadala, njia mbadala, adhabu mbadala. Mbadala ni kitu cha aina nyingine unachokichagua ukiache kile cha kwanza. Gesi ikiingia jikoni kama mbadala wa mkaa, hakuna anayetarajia mkaa urudi mwezi wa nne. "Badala ya" lina upole zaidi, kwa sababu ni tukio la mara moja: leo badala yake nimekuja mimi. Lakini "mbadala wake" ni mtu wa kudumu, anakaribia mrithi.

Mfikirie huyo dada. Amebeba mimba ya miezi minane, anapita mapokezi, anaona karatasi ukutani inayosema zahanati inatafuta mbadala wa katibu muhtasi. Utamweleza nini? Sheria hiyohiyo ya 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo, na inasema akirejea anaendelea na kazi yake kwa masharti yaleyale. Kiti kina mwenyewe, na mwenyewe atarudi. Tangazo lisiloonyesha hivyo linamtoa kazini kwa maneno kabla hajajifungua. Hata mpirani hatusemi mchezaji mbadala. Tunasema mchezaji wa akiba, aliyewekwa kwa siku ya haja. Ila akiba nalo halikufai wewe, maana mpirani aliyetoka harudi tena uwanjani.

Basi useme nini? Ninaamini jibu lako liko kwenye kitenzi cha Kibantu kabisa, ambacho wewe mwenyewe umekikaribia bila kujua ulipoandika kuhusu mtu "wa kukaa mezani pake mpaka arudi". Nyumbani ungesema: wa kumshikia. "Nishikie duka nikasali." "Nishikie zamu, mtoto anaumwa." Katika shikia, kile kiambishi cha kutendea kinaeleza kila kitu: kinachoshikwa ni cha mwingine, kinashikwa kwa ajili yake, na atakuja kukichukua. Neno la Kiarabu lilihitaji kumsimamisha mtu mahali. Sisi tulihitaji silabi moja.

Chunga tu silabi hizo zisizidi. Shikilia ni kushika kwa nguvu, bila kuachia. Polisi wa Mkoa wa Dodoma wanapomshikilia mtu, hakuna anayedhani wanamshikia. Anayesemwa "anashikilia nafasi" huweza kusikika kama aliyeng'ang'ania. Shikiza nako ni kufunga kwa muda, kama fundi cherehani anavyoshikiza pindo kwa pini kabla ya kulishona. Neno hilo limepata bahati kubwa serikalini: vituo shikizi ni vile vya shule za msingi vinavyowekwa karibu na watoto wanaokaa mbali na shule mama, na mwaka 2021 vilipangiwa madarasa 3,000 kwa mkupuo. Ni zuri, lakini linahusu mahali, na sijawahi kusikia mtumishi akiitwa mshikizi. Siwezi kukushauri umbebeshe mtu jina ambalo atalazimika kulieleza kila anapokwenda. Mitaani utasikia pia "anapiga tempo", hasa kwa vijana wa kidato cha sita wanaofundisha shule za binafsi wakisubiri chuo. Waachie wao.

Tangazo liandike hivi: "Nafasi ya kazi ya muda: katibu muhtasi, kushika nafasi ya mtumishi aliye katika likizo ya uzazi." Kwenye barua yake ya ajira mwite mtumishi wa muda, cheo katibu muhtasi. Wagonjwa hawahitaji kujua zaidi. Kwao ni katibu. Akitoa barua za zahanati, aandike kny na jina la mwenye mamlaka ya kusaini, wala asiandike kaimu mahali popote, ili asije akaulizwa siku moja kwa jambo ambalo hakuliamua. Masharti mengine ya mkataba mpeni mwanasheria ayapitie.

Na kuhusu tarehe ya mwisho: likizo ya uzazi ni siku 84, yaani wiki 12 kamili, na mhasibu atataka kuiandika hiyo tarehe moja kwa moja. Mzuie. Wakizaliwa pacha, sheria inampa mama siku 100, na mtakuwa na meza tupu kwa siku 16. Andika tarehe mnayoitarajia, kisha uongeze, "au siku ambayo mwenye nafasi atarejea kazini".